Banda Lililogeuzia Lango Mgongo

Sijamwambia mtu hili: leo mchana niliomba mvua kubwa inyeshe.

Wiki jana sungura wangu walilowa. Baba akasema wakilowa tena, watakuwa kitoweo.

Kosa lilikuwa langu. Nilijenga banda likiangalia lango, kama nyumba zote za boma letu. Na upepo wa ziwa hupitia huko huko langoni!

Jana nikaligeuza. Ua wao mdogo ulio mbele ya banda nikaufunika kwa karatasi ya nailoni, nikaikaza kwa kamba kuukuu ya wavu wa samaki.

Kaka yangu Otieno alicheka hadi akakaa chini. "Omera, ndugu yangu, sungura wako wamemnunia nani? Mbona wameligeuzia lango mgongo?"

Nikaendelea kukaza kamba. Mnanijua. Nyinyi mngemjibu nini?

Leo mvua ikaja, na upepo wake wote. Kuku wa Otieno walilowa chapachapa ndani ya banda lao.

Baba akaingiza mkono ndani ya banda la sungura, akatoa nyasi.

Kavu!

"Otieno, njoo uguse."

Akagusa. Akalitazama banda lake la kuku, linaloangalia lango.

"Omera," akasema polepole, "jembe liko wapi?"

Nikalileta, tukaanza kung'oa nguzo za banda la kuku ili tuligeuze nalo.