Jipu Lililozimika Karibu na Kilabu

Ashukuriwe Mungu, aliyenifikisha umri huu nikiwa bado na kumbukumbu, nisimulie habari za baba yangu bila kuzitia chumvi.

Juzi lori la mahindi lilipita hapa Iyula likipiga honi ya kukwaruza, kama mzee anayesafisha koo. Papo hapo nikawa tena msichana wa miaka minane. Honi ya jipu la misheni ililia vivyo hivyo. Enzi hizo za Mwingereza, Baba ndiye aliyeliendesha, na kila Ijumaa alikwenda Tunduma kuchukua barua na chumvi.

Jipu lile lilikuwa na ugonjwa. Lilikwenda vizuri safari mbili, ya tatu likazimika ghafla kwenye kijito cha kabla ya Mpemba, hatua chache tu kutoka kilabu cha pombe. Walevi walitoka wakalisukuma huku wakiimba, wakimkumbatia Baba na kummwagia vibuyu vyao. Likifika tambarare, liliwaka kana kwamba halijawahi kuugua. Fundi wa Mbeya alilipima mara mbili kwenye sakafu yake ya saruji, likaunguruma kutwa nzima, kama mgonjwa anayepona akimwona daktari.

Kanisa letu lilikataza pombe kabisa. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo Mzee Nzowa, kiongozi wa wazee wa kanisa, akanisimamisha njiani.

"Sekela, mjukuu wangu, baba yako akirudi safari ananukaje?"

"Pombe, babu."

Niliwahi kupanda jipu lile, niliwaona walevi kwa macho yangu. Lakini kwetu mtoto alijibu alichoulizwa na mkubwa, kisha akanyamaza. Nikanyamaza.

Jumamosi wazee wakamwita Baba: atubu mbele ya ushirika, la sivyo asikaribie Meza ya Bwana. Alipowaeleza kuhusu kijito walicheka, wakasema fundi ameshalipima gari. Nyumbani Mama alimsihi aseme neno dogo tu, yaishe.

"Nikitubu nisichotenda, nitakuwa nimemdanganya Mungu ndani ya nyumba yake," alisema Baba. "Sitaki."

Nilimfuata kwenye jipu nikilia, nikamweleza nilichomjibu Mzee Nzowa. Akauliza, "Siku ile ulipokuwemo, lilipozimika, honi ililia?"

"Ililia, Baba."

"Basi betri ni nzima. Na wewe ulikuwa umekaaje?"

"Niliteleza nikabanwa mlangoni. Lilikuwa limelala upande wangu."

Baba aliinuka. Akalipeleka jipu hadi magurudumu ya kushoto yakaingia mtaroni, likazimika. Alifungua boneti, akanionyesha waya mwembamba unaotoka kwenye koili, kile kifaa kinachotoa umeme wa kuwashia injini. Ganda lake lilikuwa limechunika, na gari likilala sana kushoto, kama pale kijitoni, waya uligusa chuma na umeme ukapotea. Aliuinua kwa kijiti, na jipu likawaka palepale mtaroni.

"Ufunge huo waya, Baba!"

"Kesho," alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kesho yake, watu wakielekea ibadani, aliliingiza kwenye mtaro wa kanisa. Likafa. Akapiga honi mpaka wote wakakusanyika, akafungua boneti, akainua waya kwa kijiti. Likawaka. Akaushusha, likafa. Akampa Mzee Nzowa kijiti ajaribu mwenyewe. Mzee alijaribu mara tatu.

"Haya, gari tumeliona," alisema. "Lakini harufu? Mtoto wako mwenyewe alisema."

Sijui nguvu ile niliitoa wapi. "Babu, hukuniuliza pombe ilitoka wapi! Walevi ndio waliosukuma gari, wakammwagia."

Mama aliziba mdomo kwa khanga. Mtoto wa kike, mbele ya wazee, bila kuulizwa! Baba hakunikemea.

"Tutalizungumza Jumapili ijayo," alisema Mzee Nzowa.

"Hapana, mzee wangu. Mmenishtaki mbele ya watu, nisafisheni mbele ya watu. Leo."

Ikatangazwa siku hiyohiyo kwamba hana hatia, na Baba akala na kunywa Mezani pamoja nasi.

Kwa miaka mingi nilidhani Baba alishinda kwa sababu ya waya. Nilipokuja kukaa mimi mwenyewe kwenye baraza la wazee, ndipo nilipoelewa kuwa jibu langu la kwanza lilikuwa kweli tupu, na lilikaribia kumwangamiza mtu asiye na hatia. Tangu hapo, mtoto akinijibu neno moja, humwambia: endelea, mwanangu, sijakuzuia.

Wewe unayesoma haya, Bwana akulinde njiani na nyumbani, na akupe moyo wa kusema neno lililobaki.