Mawese niliyompaka mjukuu wangu kitovuni

Wakuu, heshima kwenu kutoka Ujiji. Darasa la nne sikumaliza, kwa hiyo anayekuja kunisahihisha herufi apite hivi. Haya yamenikuta mwenyewe, na kosa ni langu.

Nakamua mawese tangu ujana. Nilianza na pipa moja kule Ilagala, leo nina mashine mbili. Nyumbani kwangu neno la mwisho lilikuwa langu.

Alipozaliwa mjukuu wangu Zaituni, mama yake, mkwe wangu, alirudi na maagizo ya hospitali: kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe kitu.

Nikamuuliza, "Huyo nesi kazaa wangapi?"

"Sijui, baba. Ila kasisitiza sana."

"Kwa mama yetu tuko saba, wote tulipakwa mawese na masizi ya chungu. Nani kafa hapa?"

Akanipa mtoto. Baba mkwe habishiwi. Nikapaka mwenyewe, kwa kidole hiki.

Siku ya tano kikatoa usaha, kinanuka. Mtoto akachemka mwili. Akachomwa sindano siku kadhaa, akapona. Mimi nikatamba mtaani kwamba mawese ndiyo yamemponya. Ndivyo nilivyokuwa, wakuu.

Miaka ikapita. Tumbo lake likaanza kujaa upande wa kushoto, chini ya mbavu. Mama yake akataka vipimo. Nikamwambia hiyo ni bandama ya malaria, itanywea, aache kutafuta magonjwa.

Zaituni akiwa na miaka sita, asubuhi anakunywa chai, akatapika damu. Siyo matone. Ilijaa bakuli.

Hospitali wakampiga altrasaundi. Daktari, kijana sawa na kitindamimba wangu, akasema mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini umeziba. Damu imetafuta njia za pembeni, ikavimbisha mishipa ya koo la chakula, mmoja ukapasuka. Bandama nayo imevimba kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha akauliza, "Alipokuwa mchanga, kitovu kiliwahi kutoa usaha?"

Mkwe wangu akatazama sakafu. Angeweza kunitaja. Hakunitaja.

Nikasema, "Kilitoa. Nilikipaka mimi."

Daktari akasema hawezi kuapa kuwa ndicho chanzo, ila uchafu wa kitovuni kupanda hadi mshipa ule ni njia inayojulikana.

Tukapewa rufaa. Wakapitisha kamera mdomoni, wakafunga ile mishipa kwa vipira. Yuko hai, lakini kurudi kliniki hakujaisha. Wenzake wakicheza rede, wakirushiana mpira, yeye anakaa pembeni kuwahesabia, maana bandama ikigongwa ni hatari.

Niliporudi nikamsimulia dada yangu mkubwa, Bi Tatu. Nikajitetea tena kwa ule usemi wangu wa saba.

Akanikazia macho. "Saba? We Hamisi, mama alizaa kumi na mmoja. Wanne hawakufika siku arobaini. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Wakuu, miaka yote hiyo nilikuwa nahesabu waliobaki tu.

Mwenye mtoto wa namna hii aseme anaishi naye vipi, nijifunze. Anayetaka kunitukana, uwanja ni wake. Ila akimaliza, aende akamwambie mama mkwe wake kitovu kiachwe kikavu.