Glasi Niliyoshindwa Kuionja

Sitadanganya hapa: mvinyo niliupenda, na bado naupenda, ila siku hizi tunaangaliana kwa mbali. Kwa miaka mingi nimepiga kinanda katika kwaya moja ya Kasulu. Kila tulipomaliza tamasha, sare zikiwa bado mwilini, tulikaa nyuma ya ukumbi na chupa ya mvinyo mtamu wa Dodoma na vikombe vya plastiki. Hapo ndipo tulipochekana. Aliyeanza ubeti kabla ya wenzake alitaniwa mpaka akaomba yaishe. Wake zetu walikuwepo, wanakula mishikaki, nao wanaonja kidogo. Ilikuwa raha, na sitaki mtu aniambie vinginevyo.

Tatizo lilikuwa langu. Wenzangu wakiinuka kwenda nyumbani, mimi nilikuwa naulizia kama kuna chupa nyingine. Siku ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza nilikosa sala, keki na picha, kwa sababu nilikuwa nimelala kwenye jiko la nje, juu ya gunia la mkaa, na suti yangu nyeupe. Katika picha zote mke wangu amesimama peke yake na mtoto. Wiki hiyohiyo akambeba mtoto, akaenda kwao Buhigwe. Nilipomfuata hakunigombeza. Alisema tu, "Nitarudi, mume wangu. Lakini siku utakayoonja tena, hata tone, usinifuate."

Nikaacha. Baba sikumwambia. Baba anaishi Kibondo, ana migomba yake, na kwa urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, hakuna anayemfikia pale mtaani. Niliona aibu, maana ili nimwambie nimeacha, ilibidi kwanza nimwambie nilikuwa nimefika wapi. Kumbe hayo alishayasikia zamani. Habari za kunywa kwangu zilifika Kibondo zenyewe. Za kuacha ndizo zilizokosa wa kuzipeleka.

Basi akaja mchumba wa mdogo wangu wa kike kujitambulisha nyumbani, yeye na watu wake kama ishirini. Kwetu Waha, kinywaji hakimfikii mgeni kabla mwenye nyumba hajakionja mbele ya macho yake. Akionja, wageni wanajua kilichomo ni salama na moyo wa nyumba ni mweupe. Asipoonja hawanywi, na wasipokunywa hakuna ndoa ya kuzungumza. Siku zote baba ndiye aliyeonja. Kwa hiyo nilitoka Kasulu na mke wangu na mtoto bila wasiwasi wowote, kichwani nikiwaza pilau.

Tulipofika nikakuta, pembeni ya chungu cha urwagwa, chupa tatu za mvinyo.

"Nimechukua ule unaoupenda," baba akaniambia, uso umemng'aa.

Nilipaswa kumwambia palepale. Nikasema asante.

Kifungulio cha chupa hakikuwepo, tukasukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, kikabaki kinaelea. Wageni walikuwa wameshaketi chini ya turubai. Baba akasimama, akajaza glasi mwenyewe, akanivuta nisimame karibu naye.

"Wageni wetu," alisema, "huyu ndiye mkubwa wangu. Mimi nikiondoka, mtapokea kinywaji mkononi mwake. Leo naomba aanze kuonja yeye, mkiona."

Sijawahi kuheshimiwa hivyo na baba yangu. Baada ya yote aliyoyasikia juu yangu, aliamua kunirudisha mahali pangu mbele za watu, na alichagua kunirudisha kwa mvinyo. Nikaishika glasi. Harufu ilinipanda puani, mate yakanijaa. Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia la ndizi za kupika. Hakuniangalia usoni, aliiangalia glasi. Mdogo wangu, amejifunika kitenge kichwani kati ya wenzake, alikuwa anatabasamu, hajui lolote.

"Baba," nikasema, "naomba usinipe mimi."

Mshenga wao akajikohoza. "Vipi tena, mzee? Kuna nini humo?" Alitaka iwe utani, lakini hakuna aliyecheka. Tabasamu la mdogo wangu likapotea. Jamaa mmoja aliyekuwa ameshanyoosha mkono kupokea akaurudisha mapajani.

Baba aliniangalia. Akamwangalia mke wangu pale mlangoni, akanirudia mimi. Kisha akaichukua glasi mkononi mwangu na kunywa, si kuonja, akanywa yote mpaka chini, mzee ambaye mvinyo wa chupa humpa kiungulia. Akajifuta masharubu.

"Kinywaji ni kizima," akasema. "Mkubwa wangu ana sababu yake, na mimi naijua. Yeye atawamiminia."

Sikuwa nimemwambia lolote. Nikamimina, mtu mmoja baada ya mwingine, na kila mgeni akapokea akanywa. Mshenga aliomba aongezewe. Mama zetu wakapiga vigelegele, na mdogo wangu akaanza tena kupumua.

Watu walipokuwa wanakula, baba aliniita nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Tangu lini?"

"Miezi saba, baba."

"Saba?" Alikasirika kwelikweli, akanipiga begani kwa kiganja. "Miezi saba, mwana wanje, mwanangu wa kumzaa! Kila asubuhi napiga magoti, na magoti yenyewe haya mabovu, namwomba Mungu akuachishe. Kumbe alishanipa, wewe ukanificha!"

Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kulia. Yeye pia alikuwa analia, huku bado ananigombeza. Halafu akajifuta kwa mkono wa shati, akaniambia niende nikamwite mkamwana wake, kwamba anataka kumshukuru.