Anayekula Mwisho

Mama mkwe wangu, Karthiyani Amma, hajui kumsalimu mtu bila kumkagua. Ukiingia kwake na matope miguuni atakusamehe, lakini ukiingia na mafua utakoma. "Toa ulimi," atakuambia. Hata mleta barua wa kijiji chetu huutoa kabla ya kutoa barua.

Kwake ugonjwa ni ugomvi wa wenyeji watatu wa mwili: upepo, nyongo na balghamu. Nilipoumwa kichwa cha jua alisema ni nyongo, akanipaka msandali kwenye paji la uso. Mwanangu alipokoroma kifua alisema ni balghamu, akaficha mtindi. Sijawahi kuwa na mama, alikufa nikiwa mchanga, na mtu wa kuniuliza nimelalaje nilimpata katika nyumba hii. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Basi mwaka mmoja, mwezi wa mvua, mama mkwe, mganga wetu wa mtaa, akaugua mwenyewe. Usingizi ulimkimbia, ngozi ikamkauka, magoti yakawa yanalia, tumbo likajaa hewa. Chakula alikisukuma. Hospitali walimpima wakasema hawaoni ubaya, ale tu. Kula ndiko kulikomshinda, naye alizidi kunyauka mbele ya macho yetu. Dada yake alianza hivyohivyo, tukamzika. Niliogopa sana.

Mume wangu, Sudhakaran, akamwita mzee Kesavan, tabibu wa dawa zetu. Alimshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akamtazama ulimi. Ulikuwa mweupe kama maji ya mchele.

"Unakula saa ngapi, Karthiyani?"

"Wakishakula."

"Nani?"

"Wote."

"Na unakula nini?"

Nikajibu mimi: "Kilichobaki, kikiwa kimepoa." Alinitupia jicho la pilipili.

"Unamfuga upepo mwenyewe," mzee akasema. "Baridi, ukavu na njaa ya kungojea, hicho ndicho chakula chake. Moto wa tumbo umezimika. Mafuta ya kukanda nitakupa, lakini dawa ni uji wa moto wa mchele, samli na tangawizi. Na ule wa kwanza nyumba hii."

"Nile kabla ya mwanangu? Watu watasema Karthiyani amekuwa mlafi uzeeni!"

"Waache waseme. Wao ndio watakaokubeba?"

Dawa chungu aliinywa bila kukunja uso. Uji aliufunika, akangoja wanaume wamalize kula. Tulimbembeleza weee, hakusikia. Mwishowe Sudhakaran alikaa mbele ya jani lake la mgomba, ndiyo sahani yetu, akakunja mikono.

"Amma, usipokula wewe, mimi sili."

"Unanitisha mimi niliyekuzaa?"

"Ndiyo, nakutisha."

Wali ukapoa. Mwanangu naye akakunja mikono kama baba yake, tumbo likimlia. Hilo bibi yake hakuliweza. Akauvuta uji, akanywa huku machozi yanamtoka, akatutukana baina ya vijiko.

Kuanzia hapo alikula wa kwanza. Usingizi ukarudi kidogokidogo, kisha nyama mwilini, kisha na ukali wake, nao tuliukaribisha kwa furaha.

Mchana mmoja alinikuta jikoni. Wote walikuwa wameshakula. Nilikuwa nakwangua sufuria, nimesimama, kama nilivyomwona yeye akifanya tangu nilipoolewa.

"Sushama, toa ulimi."

Nikautoa. Hakusema upepo wala nyongo. Aliketi juu ya kibao, akanishika mkono.

"Nimekurithisha ugonjwa wangu, mwanangu."

Jioni alitandika jani karibu na lake, akaniketisha, akanipakulia mwenyewe wali unaofuka moshi, samli juu. Sudhakaran alisimama mlangoni, kanawa mikono, anangoja.

"Na mimi, Amma?"

"Wewe ngoja," akasema, bila kugeuka. "Ulimi wako nimeuona. Mzima kabisa."

Nilikula hadi nikashiba. Chakula kilikuwa cha moto.