Soketi ya Mama na Shubaka la Koroboi

Sisi tuliosomea koroboi, kile kitaa cha bati cha mafuta, tunajuana hata leo. Ukimwona mtu mzima akisoma chini ya taa huku ameinamisha kichwa upande, anakwepa moshi ambao haupo, huyo ni wa rika letu, mpe kiti. Kwetu Bokoli enzi hizo stima tuliiona kwa mbali tu, upande wa Webuye, na mwanga wetu wote ulikaa kwenye shubaka moja, tundu la ukutani la kutosha koroboi na kiberiti.

Na ukuta wenyewe, jamani! Kila Desemba mama alitutoa mbio kwenye michezo yetu ya kati na kalongolongo twende tukasiribe nyumba. Udongo mwekundu, jivu, mavi ya ng'ombe mabichi. Tulivikanyaga kwa miguu mpaka vikalainika, tukiimba na kurushiana. Harufu ile ikinijia hata leo, naona Krismasi imefika. Ule mstari mweusi wa chini mama aliupaka kwa unga wa betri kuukuu za redio. Kwa hivyo ukiniuliza stima iliingia kwetu lini, nitakwambia iliingia mapema sana, ila ilipakwa ukutani. Mtoto wa siku hizi umwambie ashike mavi ya ng'ombe, atakuuliza glavu ziko wapi.

Mwaka wa mtihani wangu wa darasa la nane, lile shubaka lilinitesa. Lilikuwa karibu na mlango, na kila upepo uliposhuka kutoka Mlima Elgon, koroboi ilizimika. Nilisoma nimesimama, kitabu juu, mgongo nikiukinga mlango. Mama akaona. Akalowesha ukuta, akachukua panga, akakata shubaka jipya pale nilipopenda kukaa, kisha akaliziba lile la zamani.

"Mtoto hafuati taa," alisema. "Taa ndiyo imfuate mtoto."

Kiraka kilikataa katakata kufanana na ukuta, hata tulipousiriba Desemba ile, na wageni wa Krismasi walikuwa njiani. Mama wala hakuhangaika. Alichukua jivu jeupe akachora ua juu ya kiraka, akachora jingine kando yake, na jingine, mpaka maua yakazunguka chumba kizima. Majirani walikuja kutazama, wakarudi kwao kuchora ya kwao. Mtihani nao niliupita, na mama alitangaza habari hiyo kanisani kabla hata pasta hajasimama.

Leo mimi, binti yake, ni fundi wa stima mjini Kitale, na silisemi hilo kwa sauti ya chini. Wako wateja wanaofungua lango, wanachungulia nyuma yangu na kuuliza, "Na fundi yuko wapi?" Nawaambia ndiye huyu, nionyesheni swichi kubwa.

Juzi juzi tulimjengea mama nyumba ya matofali pale pale Bokoli, jikoni kumepigwa vigae vyeupe vinavyong'aa. Kaka yangu Wafula, mfanyabiashara wa Bungoma, ndiye aliyesimamia, maana mimi nilikuwa nimebanwa na kazi. Akamwambia fundi aliyempata huko aweke soketi ya birika kando kabisa ya bomba. Msimcheke. Sisi tuliochota maji mtoni tukipanda nayo kilima kichwani, tukiona maji na moto vimekaa pamoja tunadhani ndiyo mbingu.

Siku moja mama aliosha vikombe, akashika plagi kwa mkono uliolowa. Stima ikamchapa mpaka birika likaruka. Tunashukuru Mungu hakuumia, lakini aliapa hakanyagi tena jikoni humo. Akarudi kwenye kijumba cha zamani nyuma ya nyumba, kuni na moshi, na kikohozi chake kikarudi pia. Kila nikipiga simu nakisikia. Roho iliniuma.

"Mimi siwezi ishi na nyoka kwa ukuta," aliniambia.

"Si tumnunulie tu waya mrefu?" Wafula akauliza.

"Mama hafuati stima," nikamjibu. "Stima imfuate mama." Nikafunga vifaa vyangu, nikaenda nyumbani.

Nilizima swichi kubwa, nikapima kwa tesita, nikapima tena. Nilichagua mahali mbali na maji, karibu na dirisha ambapo mama alipenda kukaa akiangalia kuku wake. Nikabandika selotepu juu ya kigae kisipasuke, nikakikata polepole kwa grinda, nikateremsha bomba jipya la waya kutoka darini. Kigae hakikupata hata ufa. Nilijipigia makofi mwenyewe, bana, kwani nani angenipigia?

Lakini pale soketi ilipotoka palibaki shimo. Wafula alizunguka Bungoma na Kimilili, mimi nikazunguka Kitale. Vigae vya weupe ule vilikuwa vimekwisha madukani. Wafula akashika kichwa. "Sasa tubomoe ukuta mzima?"

Mama akatokea mlangoni, mwiko mkononi. Alikuwa hajafika hapo tangu achapwe.

"Kwani nyinyi mlilelewa wapi?" akasema. "Leteni vile vigae vyekundu vilivyobaki kwa baraza. Weka hapo kwa shimo, weka na kule, weka mpaka mwisho."

Tukafanya hivyo, tukitoa vyeupe vya mstari ule kimoja kimoja. Jioni ile mstari wa vigae vyekundu ulizunguka jikoni, na hungejua kamwe ni kipi kilichoziba shimo.

Mama alifuta mikono kwenye leso, mbele na nyuma, akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akabonyeza swichi. Birika likaanza kunguruma, na yeye akavuta kiti, akakaa dirishani. Majirani walipoingia kutazama, akawaonyesha ukuta, kisha akanionyesha mimi.

"Huyu nilimhamishia taa akiwa mdogo," akawaambia. "Leo amenihamishia stima."

Siku hizi taa iko kila chumba, na watoto, stima ikipotea kidogo tu, utadhani wamefiwa. Siwaonei wivu. Sisi koroboi ilikuwa moja tu, ila palikuwa na mtu wa kukata ukuta ili itufikie.