Debe la Maji ya Majivu

Tupokigwe wa Ilomba alikuwa mwosha chupa, sawa, lakini umwite mwongo? Thubutu!

Mwaka 1956 alifanya kazi kwenye banda la Mzungu mmoja mpimaji wa mawe, kule Mbalizi. Bwana huyo alibana ndani ya bomba kipande cha jiwe lenye vitundu tele, kilicholowa mafuta mazito ya ardhini, apime namna ya kuyatoa. Akisukuma maji upande huu, mafuta yanatokea upande ule. Kila siku maji ya kisima, na kila siku mafuta kiduchu. Mengine yanang'ang'ania humo humo jiweni.

Asubuhi moja yakatoka mpaka glasi ya kukingia ikajaa. Bwana akaduwaa. Karani wake, Philbert, akanyoosha kidole.

"Huyu mama hakuosha glasi, Bwana. Hayo ni mafuta ya jana."

Papo hapo Bwana akaandika barua: afukuzwe, ni mdanganyifu. Jamani, mjane mwenye barua ya namna hiyo, nani Mbeya nzima angempa kazi tena?

Tupokigwe akachungulia chini ya meza. Debe lake la maji ya majivu, aliyoyachuja nyumbani ya kusugulia chupa, lilikuwa tupu.

"Philbert mwanangu, leo ulikwenda kisimani?"

Karani akatazama pembeni. Kumbe uvivu ulikuwa wake: alikwepa kwenda kuteka maji, akasukuma bombani yale ya debe!

"Siondoki ng'o," Tupokigwe akasema. "Wekeni mawe mawili. Moja lipeni maji ya kisima, la pili maji yangu, ninayo chupa ya akiba. Mimi nakaa hapa, sigusi kitu."

Wakasukuma. Maji ya kisima yakaleta matone. Ya majivu yakaleta mafuta meusi, tele, na povu juu.

"Yanang'oa mafuta ya sufuria, yashindwe na jiwe?"

Bwana akafungua daftari haraka. "Majivu ya nini?"

"Andika jina langu kwanza."

Akaandika: mwosha chupa. Tupokigwe, aliyesoma shule ya misheni, akayasoma, akatikisa kichwa.

"Hilo si jina. Na barua ile ichanwe."

Bwana akanuna. Mama akasimama mlangoni kama kisiki mpaka jua likapanda. Mwishowe barua ikachanwa, na jina likaandikwa herufi kwa herufi, Tupokigwe.

"Maganda ya ndizi," akasema, akibeba debe lake. "Hata mama yako anayajua, Philbert. Na kesho kisimani utakwenda wewe."