Nilirudi kutoka Denmark nikapata nyumba yangu inaendeshwa na kuku

Wakuu, salamu kwenu nyote. Naandika na simu ya mjukuu, kwa hivyo makosa ya spelling mlaumu yeye.

Hii kitu ilinipata mimi mwenyewe, hapa Mbooni, juu kidogo ya Kikima, miaka ya themanini. Sijaongeza chumvi. Asiyeamini akuje nyumbani aulize mke wangu, Mama Mwende, lakini asimchekeshe sana.

Kilichonifanya niandike ni sherehe. Mwezi uliopita tumefikisha miaka hamsini ya ndoa, kanisa ikajaa, watoto wakatoka Nairobi, wakapika mpaka majirani wakachoka kula. Sasa mjukuu mmoja akauliza mbele ya watu kuhusu nyanya yake: "Kwani susu akicheka mbona anashikilia ile koti kwa tumbo?"

Wazee wakaangalia chini. Mama Mwende akaanza kucheka tena. Nikaona hii story wacha niitoe mara moja, nisiulizwe tena.

Twende pole pole. Wale wa "mzee fupisha" mnaweza kuruka mpaka mwisho, lakini mkipotea msiniulize.

Nilikuwa karani wa cooperative. Nikachaguliwa kwenda Denmark, kozi ya mambo ya maziwa. Nikafundishwa kukamua ng'ombe kwa mashine, na hapa nyumbani nilikuwa na ng'ombe mmoja tu, na alikuwa anapiga mateke. Lakini ulaya ni ulaya, nilienda.

Huko nilinunua kitu moja tu ya maana. Overcoat. Nyeusi, nzito, inafika chini ya magoti, vifungo kubwa kama vifuniko vya soda. Nilishuka nayo airport nikiwa nimeivaa, jasho inatiririka, kwa sababu kwa sanduku ilikataa kuingia.

Ndugu yangu alikuja kunipokea. Hapo ndipo aliniambia Mama Mwende amepasuliwa tumbo. Uvimbe. Walinificha ndio nimalize kozi.

Kumbe hata alikuwa ameshonwa mara mbili! Mara ya kwanza kikohozi ilifungua nyuzi. Mara ya pili daktari alisema wazi kwamba ikifunguka tena, yeye hana uhakika. Asibebe kitu. Asikohoe. Na zaidi ya yote, asicheke.

Wakuu, nililia hapo airport, mwanaume mzima ndani ya koti. Kwa sababu nyinyi hamjui Mama Mwende. Huyo mwanamke hacheki na mdomo. Anacheka na mwili yote, anapiga magoti, anashika ukuta. Hiyo kicheko ndiyo ilinifanya nimuoe. Kumwambia asicheke ni kama kumwambia asipumue.

Basi nikafika nyumbani nikikimbia. Nikasukuma mlango ya sitting room. Nikasikia mtu anakohoa huko bedroom, kikohozi ya onyo. Nikasimama kama mti.

Ilikuwa mama mkwe.

Sasa vijana wa mjini nisikilizeni. Sisi Wakamba tuna kitu tunaita nthoni. Ni heshima na aibu zimechanganywa. Wewe na mama wa bibi yako hamsalimiani kwa mkono, hamketi chumba moja, hamwangaliani uso, na jina lake hulitaji. Hata hapa kwa forum silitaji. Mkikutana kwa njia, mmoja anaingia kichakani.

Inaweza kuondolewa, ndiyo. Unaleta mbuzi, unaleta blanketi, unamfunika nayo mbele ya mashahidi, maneno yanaisha. Mimi nilikuwa nimeahidi blanketi tangu harusi. Kila mwaka kulikuwa na sababu.

Huyu mama alikuwa ametoka kwao Ikutha, huko chini kwenye joto na mbuzi, akapanda mpaka Mbooni kwenye baridi, kuuguza mtoto wake. Nikiwa Denmark haikuwa shida. Shida ilikuwa mimi kurudi. Kumfukuza siwezi, ndiye anajua kidonda. Mimi nami niende wapi? Ni kwangu!

Kwa hivyo tukaishi. Yeye akiwa kwa mgonjwa, mimi niko shamba. Mimi nikiingia kwa mgonjwa, yeye yuko jikoni, ile ya nje. Akitaka kupita sitting room anakohoa, mimi nageukia ukuta mpaka apite. Siku moja pastor aliingia akanikuta nimeangalia ukuta nimeinamisha kichwa. Akafikiri naomba. Akasimama kando yangu, akafunga macho, akaomba kwa sauti muda mrefu sana. Mama mkwe akashindwa kupita, na uji ya mgonjwa ikapoa huko mlangoni.

Na kuongea? Hapo ndipo kuku anaingia.

Tulikuwa na kuku mmoja mwekundu, alikuwa analala jikoni na kushinda mlangoni. Mama mkwe alianza kumtumia. Anasema kwa sauti, "Wee kuku, mwambie huyo mtu kuni zimeisha." Mimi nikiwa nyuma ya ukuta najibu, "Wee kuku, mwambie mama zinakuja." Kuku anadonoa mahindi yake, hana habari.

Tukazoea. Dawa, maji, nani amelipa nani amekuja, yote ilipitia kwa kuku. Hata tuligombana kupitia kwake. "Wee kuku, muulize huyo mtu kama huko ulaya watu huingia kwa mgonjwa na viatu ya matope." Nilivua.

Na Mama Mwende alikuwa kitandani anasikia yote. Nikiingia kwake naona ameuma shuka, macho yanatoka machozi, mkono umeshika tumbo. Ananiambia kwa sauti ndogo, "Baba Mwende, nyinyi mtaniua." Mimi nilidhani ni uchungu. Nikawa makini zaidi na heshima. Na heshima ikizidi, ndivyo alizidi kuuma shuka.

Niseme ukweli, usiku sikuwa nalala vizuri. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake tu. Watoto walikuwa wadogo. Nilikuwa najiuliza, hiyo kicheko yake nitaisikia tena ama niliiacha stesheni siku ile alinisindikiza?

Sasa siku ya mambo.

Akina mama wa kanisa walikuja kutuombea, na kunikaribisha kutoka safari. Walikuja na nguvu, waimbaji wote. Mimi nilienda Kikima kununua soda na mkate, na hao kwa upendo wao wakaamua kusaidia kupika. Wakaangalia huku na huku, wakaona kuku mnono mlangoni.

Kurudi napata manyoya.

"Mmechinja nani?" nikauliza. Mama mmoja akaniambia kwa furaha, "Si huyu mwekundu. Mgeni lazima ale kuku!"

Mgeni ni mimi. Ningewaelezaje huyo ndiye tunaongea naye? Nilikaa chini kwa sitting room na koti yangu, baridi ya Mbooni inapiga, akina mama wamezunguka kitanda huko bedroom wakiimba polepole. Mama mkwe alikuwa jikoni na sufuria.

Wimbo ikaisha. Nikasikia mama mkwe amekuja mpaka mlango wa jikoni, anataka kusema kitu. Akanyamaza. Akaanza tena. Akanyamaza. Sisi wa nyumbani tulijua shida yake.

Halafu akapaza sauti, kwa heshima yote:

"Wee kuku, hata kama uko ndani ya sufuria, mwambie huyo mtu umeiva."

Aiii.

Nilisikia kwanza kitanda ikilia. Halafu nikasikia kile kicheko. Chote. Kile cha kushika ukuta. Na katikati ya kicheko, mayowe: "Mwaitu! Mama! Tumbo!"

Nilikimbia. Mama mkwe naye alikimbia, akaacha leso yake kwa sufuria, kichwa wazi. Tukaingia bedroom mimi na yeye mara moja, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mtoto wake.

Mnajua tulifanya nini? Yeye akageukia ukuta wa huku. Mimi nikageukia ukuta wa kule. Mgonjwa yuko katikati, anashikilia tumbo, damu inaanza kuonekana kwa nguo. Akina mama wa kanisa nao wakaanza kuomba kwa sauti, na hakuna hata mmoja aliyegusa kitu, kila mtu anangojea mwenye mgonjwa. Na wenye mgonjwa wanaangalia ukuta.

Mama Mwende akapiga kelele, "Mnangoja nini? Nife hapa nyinyi mkiheshimiana?"

Sijui nani alinipa akili. Nilivua ile koti, nikaenda kinyumenyume, nikairusha juu ya mama mkwe. Ikamfunika kichwa mpaka miguu. Akina mama wakaacha kuomba, wakageuka kutazama.

Sauti ikatoka ndani ya koti. "Umenifunika?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Si kuku. Mimi.

"Nimekufunika, mama."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya kanisa."

"Basi imeisha. Shika miguu."

Tulimkalisha mgonjwa kwa kiti, mimi mbele, yeye nyuma, tukashuka ile njia ya mteremko mpaka barabarani kwa pickup ya jirani. Mama mkwe amevaa koti ya Denmark inaburuta kwa vumbi, akina mama nyuma wakiimba. Njia yote alikuwa ananipigia kelele kama mtoto wake. "Polepole! Inua huko! Wewe unaangalia wapi?" Ile miaka yote ya kunyamaza aliitoa siku hiyo moja. Nilikuwa nalia na nasikia vizuri moyoni, yote pamoja.

Hospitali wakaangalia. Uzi mmoja tu ndio ulikatika. Zingine zimeshika. Nurse akauliza imetokea aje. Mama mkwe akamwambia, "Kuku." Mama Mwende akaanza tena, nurse akamshikilia tumbo mwenyewe.

Alipona, wakuu. Kabisa. Na mama mkwe alikataa kurudisha koti. Alienda nayo Ikutha, akawa anaivaa kanisani, jua ile mnaijua. Alipotuacha, mtoto wake ndiye alirithi, ndiyo ile anashikilia akicheka. Hakuna kidonda tena. Anasema bila hiyo kicheko haitoki vizuri.

Lesson yangu ni hii. Heshima ni kitu kizuri, sisemi muache. Lakini kama kuna blanketi umeahidi mtu, peleka. Mimi nilikuwa karibu kuipeleka kwa matanga.

Haya, leteni yenu. Nani hapa bado anaingia kichakani akiona mama mkwe? Mchango karibu, matusi hapana.

Na yule atakuja kuandika kwamba koti si blanketi na kuku si mbuzi, umechelewa. Wazee wa Ikutha walishaketi juu ya hiyo maneno. Mama mkwe alisimama katikati yao, saa ya jua kali, amefunga vifungo yote mpaka shingoni, akawauliza nani kati yao anakuja kuivua.

Hakuna aliyeinuka.